Drili inashuka tumboni, betri unapanda nayo

Swali: Mimi ni fundi alumini, niko Tabata, Dar es Salaam. Mwezi ujao naenda Muscat kwa kazi ya miezi mitatu, na bosi kasema nije na zana zangu. Nina drili, grainda ndogo na mashine ya kufungulia nati, zote za betri. Betri ziko nne: mbili za 18V 5.0Ah, moja ya 18V 6.0Ah, na moja, ya mashine ya nati, imeandikwa 88VF 6.0Ah. Moja ya zile za 5.0 haiingizi chaji tena. Nikiipachika, taa za chaja zinapokezana nyekundu na kijani. Ina mwaka na nusu tu, na miezi mitano ya mwisho ilikuwa kabatini. Mwenzangu mwaka jana alinyang'anywa betri zake uwanjani. Nizifungashe vipi, na hiyo iliyokufa naifufuaje?

Jibu: Fundi, katika hizo nne, yenye uhakika wa kufika Muscat ni moja: ile nzima ya 5.0Ah. Ya 6.0Ah itapanda endapo shirika la ndege litakukubalia kabla hujatoka nyumbani. Ya 88VF itakukwamisha kwa kosa ambalo si lako. Na iliyokufa usiibebe, wala usiifufue. Hapo ndipo mafundi wengi tunapocheza na moto, na nitakueleza kwa kirefu.

Kwanza namna mzigo unavyogawanywa. Drili, grainda na mashine ya nati zinaingia kwenye begi kubwa, lile linalopimwa kaunta na kuteremka tumboni mwa ndege. Humo humo weka biti, visu vya kukatia na mawe ya grainda. Ukijaribu kupita na drili mkononi watakuzuia, maana kwao chombo cha kutoboa au kukata ni kama silaha. Betri zenyewe zichomoe kwenye mashine, upande nazo kwenye begi la mkononi. Betri ya akiba, yaani isiyopachikwa kwenye kifaa chochote, ni marufuku kuiweka kwenye begi la chini. Nadhani hapo ndipo mwenzako alipokamatwa: zana zote pamoja ndani ya sanduku lake la plastiki, kama lilivyotoka dukani, na betri ya pili imelala kwenye kishimo chake. Mashine ya eksirei inaiona betri waziwazi, seli kumi, yaani vibetri vidogo vilivyomo ndani yake, zimejipanga kama risasi.

Mtu anaweza kushangaa: kitu kinachoweza kuwaka moto ndicho tukae nacho ndani? Ndiyo, na sababu ni kwamba ndani kuna watu. Betri ikianza kutoa moshi miguuni mwako utaisikia harufu, utaita wahudumu, nao wana vizimamoto, wana maji ya kuipooza na wamefundishwa hilo. Tumboni mwa ndege hakuna mtu. Kuna gesi ya haloni, inayozima miali lakini haipoozi kitu, na seli ya lithiamu iliyopandwa na joto inajichoma yenyewe kutoka ndani, kisha inaichoma jirani yake, na ya tatu, na ya nne. Mwezi Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS, Boeing 747, iliruka kutoka Dubai kwenda Cologne ikiwa na shehena kubwa iliyokuwamo betri za lithiamu. Moto ukazuka kwenye mizigo, moshi ukajaa chumba cha marubani hadi wakashindwa kuona vipimo. Waligeuza kurudi Dubai, hawakuwahi, wakafa wote wawili. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kama shehena haziruhusiwi kabisa kwenye ndege za abiria, na hata kwenye ndege za mizigo hutakiwa ziwe na chaji isiyozidi asilimia 30.

Sasa hesabu, nayo ni ya darasa la tano. Anayekukagua hajali ukubwa wa betri wala jina la kampuni. Anataka wati-saa (Wh), na wati-saa ni volti (V) mara ampea-saa (Ah). Betri yako ya 5.0: 18 mara 5 ni 90Wh. Kwa kanuni za kimataifa, isiyozidi 100Wh inapanda bila kuomba ruhusa. Ya 6.0: 18 mara 6 ni 108Wh, imevuka mstari kwa kidogo. Kuanzia juu ya 100 hadi 160 unaruhusiwa betri za akiba mbili tu kwa kila abiria, na lazima shirika la ndege likubali. Zaidi ya 160 hakuna cha begi la mkononi wala la chini. Hiyo ni mzigo hatari, inasafiri kwa utaratibu wake na makaratasi yake.

Kwa hiyo ile ya 108Wh waandikie shirika la ndege mapema, kwa barua pepe, si kwa kupiga simu. Taja namba ya tiketi, ni betri ya drili, ni ya lithiamu, 18V, 6.0Ah, 108Wh, iko moja. Jibu likija lichapishe. Aliyekujibu barua siye utakayemkuta kaunta saa tisa usiku, na huyo wa kaunta karatasi itamsaidia kuliko maneno yako. Ukibadilisha ndege njiani na mashirika ni mawili, waulize wote wawili, na ufuate la mkali zaidi.

Tuje kwenye 88VF, maana imejaa mjini na wauzaji wanaisifia kama ng'ombe wa mashindano. Seli moja ya lithiamu ya aina hizi ina volti 3.6 za kawaida, na 4.2 ikijaa. Seli tano zikipangwa mstari mmoja ni volti 18, na zikijaa ni 21. Ndiyo maana betri ileile kampuni moja huiita 18 na nyingine huiita 20 au 21, na hakuna aliyekudanganya hapo. Lakini kufika volti 88, hata zikiwa zimejaa, ungehitaji seli zisizopungua 21 kwenye mstari mmoja, na kile kiboksi hakina nafasi hiyo. Herufi VF si kipimo cha kitu chochote. Ni urembo wa dukani, na namba yake hupanda kila msimu: 48, 88, 98, nimeshaona hata 288 kwenye kiboksi kilekile.

Niliwahi kufungua moja mezani kwangu. Mteja aliileta akilalamika kwamba inafungua nati nne za gurudumu halafu inalala. Skrubu nne, mfuniko ukatoka, ndani kuna kishikio cha plastiki chenye nafasi za seli kumi. Seli zilikuwa tano. Nafasi tano nyingine zilikuwa tupu kabisa, buibui angeweza kupanga. Nikaipima: volti 20 na kitu, uwezo wake haukufika ampea-saa mbili. Maana yake betri iliyonadiwa kama simba ilikuwa na wati-saa zisizofika 36, ndogo kuliko zote kwenye begi la fundi yeyote.

Huu ndio uchungu wake kwako. Kwa ukweli wake ingepita bila swali. Lakini mkaguzi hafungui betri, anasoma lebo: 88 mara 6 ni 528Wh. Hata ukimweleza habari ya seli tano na VF, unamwambia kwamba lebo ni ya uongo, na betri yenye lebo ya uongo ndiyo hasa asiyotaka kuipandisha. Kanuni pia inataka aina ya betri iwe imefaulu majaribio ya Umoja wa Mataifa yanayojulikana kwa namba 38.3. Kati ya hayo mojawapo ni kuiweka kwenye hewa nyepesi kama ya mita 15,000 angani kwa saa sita, jingine kuitikisa, jingine kuipiga shoti kwa makusudi uone kama itawaka. Kiboksi kisichojua hata volti zake sidhani kama kilipelekwa huko. Iache nyumbani, na mashine yake ya nati iache pia, labda kama inakubali betri zako za 18V.

Kwa ununuzi ujao, kipimo changu cha haraka ni mzani wa jikoni. Betri halisi ya 18V 5.0Ah yenye seli kumi za saizi ya 18650, zile za milimita 18 kwa 65, hukaribia gramu 600 au kupita. Ukikabidhiwa ya gramu 380 imeandikwa 6.0Ah, mrudishie mwenyewe. Na ukiona 9.0Ah kwenye umbo lilelile la seli kumi za 18650, jua hakuna hesabu inayofika huko: seli nzuri ya saizi hiyo ina kama ampea-saa 3.5, mbili sambamba ni kama saba, na hizo hazipendi kukamuliwa na grainda. Za zana huwa 2.5 hadi 3, ndiyo unapata 5 au 6.

Kufungasha. Adui yako ni shoti. Pale kwenye mdomo wa betri kuna vyuma vya chanya na hasi. Skrubu moja ya alumini iliyosahaulika mfukoni mwa begi ikivigusa vyote viwili, betri ya 5.0Ah inaimwagia umeme wa kuifanya iwe nyekundu kabla hujajua kinachonuka. Kama ulitunza ule mfuniko wa plastiki uliokuja na betri, uvishe. Kama ulitupa, na wote tunatupa, ziba vyuma kwa tepu ya umeme, kisha kila betri kwenye mfuko wake wa plastiki, peke yake. Usiweke mbili mfuko mmoja hata kama zimezibwa.

Angalia na lebo. Betri ya fundi ikikaa mwaka mmoja, jasho, vumbi la alumini na silikoni vinakuwa vimeshakula maandishi. Mkaguzi akiigeuza na kukuta pametakata kama sahani, hana pa kusoma, na kisichosomeka hakipandi. Betri mpya ukiinunua tu, bandika selotepu pana juu ya lebo siku hiyohiyo. Kwa hizi za sasa pangusa kwa kitambaa kikavu, usitumie tina, utamaliza hata kilichobaki. Chaji ziwe vitaa viwili kati ya vinne vya kuonyesha chaji kwenye betri. Kwa begi la abiria hakuna anayekulazimisha, ila betri yenye chaji nusu ikipata ajali hufanya fujo kidogo kuliko iliyojaa, na kukaa nusu kunairefushia maisha pia.

Ndani ya ndege mimi huziweka begi la miguuni, chini ya kiti cha mbele. Januari 2025 huko Busan, Korea Kusini, ndege ya Airbus iliungua ikiwa bado uwanjani, moto ukianzia kwenye kabati la juu ya viti, na wachunguzi waliishuku betri ya kuchajia simu. Watu wote walitoka. Kilicho juu ya kichwa cha mtu wa mbele yako huwezi kukisikia kikipata joto.

Jambo moja linalowaponza wengi ni ndege ndogo. Ukienda Mafia au Pemba, au ukiunganisha kwa ndege za mapanga, mara nyingi begi lako la mkononi linachukuliwa mlangoni mwa ndege kwa kuwa makabati ni madogo, linaenda chini. Hapo lazima utoe betri zote ukae nazo. Ndiyo maana naziweka kwenye kimfuko kimoja cha nguo ndani ya begi. Ninakichomoa tu, sipekui mbele za watu.

Sasa marehemu wako. Taa nyekundu na kijani zikipokezana, kwenye chaja nyingi ni chaja inasema: hii siipokei, ina hitilafu. Ninavyokusoma, uliiweka kabatini ikiwa imeisha au imebaki kidogo. Betri ya lithiamu haikai tu. Inavuja taratibu yenyewe, na saketi ya ulinzi iliyomo ndani inakula umeme kidogo mchana na usiku, na kwenye baadhi ya betri inakula zaidi kutoka seli moja. Baada ya miezi mitano seli hiyo inakuwa imeshuka chini kabisa wakati wenzake wana nafuu. Chaja inapima, inaona hazilingani au zimeshuka mno, inakataa. Inakataa kwa faida yako.

Najua mtaani dawa yake. Unachukua betri nzima, unaunganisha waya chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, unaishtua dakika moja au mbili, ukiirudisha kwenye chaja inapokea. Inapokea kweli, sikatai. Shida ni kilichotokea ndani ilipokuwa chini. Seli ikishuka kama chini ya volti 2, karatasi ya shaba iliyomo ndani yake huanza kuyeyuka na kuingia kwenye maji ya seli. Ukiichaji upya, shaba ile inaganda tena mahali pasipo pake, na inaweza kujenga njia ya shoti ndani kwa ndani. Siku uliyoishtua haitafanya kitu. Itafanya wiki ya tatu, usiku, ikiwa kwenye chaja karibu na godoro. Na kwa safari, betri iliyoharibika au yenye dalili ya ubovu hairuhusiwi kabisa kwenye ndege, si mkononi wala chini. Usidhani kwa kuwa imekufa basi ni salama: betri isiyoendesha drili bado ina moto wa kutosha.

Ukitaka kuiokoa, ipeleke kwa mtu anayefungua, anapima seli mojamoja kwa mita, na anaunga seli mpya kwa mashine ya kuchomelea nukta. Ukimkuta anaunga kwa risasi ya kuyeyusha na kichoma, ondoka, joto lile linaumiza seli. Na badilisha zote kumi, si ile mbovu pekee. Betri ya namna hiyo itumie Tabata. Kwenye ndege haiendi, kwa kuwa haina tena uhusiano na majaribio yale ya 38.3.

Hizi zinazobaki, sheria zake ni chache na nusu ya tunayoambiana ni urithi wa betri za zamani za nikeli. Kuimaliza hadi izime ndipo uchaji, hiyo ilikuwa ya nikeli-kadimiamu. Lithiamu inaumia kwa kufanya hivyo. Kuichaji saa nane mara ya kwanza, nayo ni hadithi: chaja ikisema imejaa, imejaa. Ukisikia grainda inaanza kulegea, simama, badilisha betri, usiikamue hadi tone la mwisho. Ukiihifadhi kwa muda iwe nusu, ichomoe kwenye mashine, usiiache kwenye chaja isiyo na umeme maana baadhi ya chaja huinyonya, na kila baada ya miezi miwili mitatu iangalie vitaa.

Kubwa kwako litakuwa joto. Vitabu vya zana nyingi husema chaji kati ya nyuzi 10 na 40, na Muscat wakati wa kiangazi chao mchana hupita 40 kivulini. Betri iliyotoka kwenye grainda tayari ina joto lake. Ukiipachika kwenye chaja saa saba mchana kwenye jengo lisilo na paa, ama chaja itakataa, ama ni chaja rahisi isiyojua kukataa, ambayo ndiyo mbaya zaidi. Pooza nusu saa kivulini kwanza, chaji usiku au kwenye chumba chenye kiyoyozi. Wala usiiweke kwenye friji, itatoka na jasho la maji kwenye vyuma. Usiiache kwenye gari lililofungwa juani hata kwa muda wa kwenda kuswali.

Chaja yako ya hapa itafanya kazi, Oman wanatumia volti 240 na soketi ya pini tatu bapa kama yetu. Nalitaja hili kwa sababu kila mwezi naletewa chaja iliyoungua iliyotoka kwa shemeji Marekani: kule umeme ni volti 120, betri zao zinafanya kazi vizuri tu hapa, chaja ukiichomeka ukutani inalia mara moja. Soma nyuma yake kabla ya kuchomeka.

Kwa vile wewe ni wa alumini: foamu ya kopo la kupuliza na mafuta ya kopo la kupuliza usiweke begi lolote, ni gesi inayowaka. Nunua huko.

Na ukiwa huko utakutana na betri za 18V 9.0Ah halisi, zenye seli nene, utazitamani na kweli ni nzuri. Piga hesabu kabla hujalipa: 18 mara 9 ni 162. Imezidi kwa mbili tu, lakini imezidi. Itumie hukohuko uiuze siku ya kuondoka, au ije kwa meli kupitia wakala anayejua kujaza karatasi za mizigo hatari.